Udi wa Mchana

Juzi sokoni Waberi nilipita penye vyetezo vya udongo. Moshi wa udi ulinirudisha nyumbani kwetu, enzi za vita vya shifta.

Kwetu udi ulichomwa jioni, au akija mgeni wa heshima. Mchana ule baba aliuchoma kando ya kitanda cha mama, aliyekuwa na kidonda kifuani kisichopona. Dada yangu alikuwa akimbadilishia kitambaa. Mimi nilikaa mlangoni kungoja wageni.

"Hooyo, nani anakuja?" nilimuuliza mama.

"Akija utamwona."

Aliyekuja alikuwa askari wa kutoka bara, bunduki mkononi, akisaka waasi wa shifta nyumba hadi nyumba. Aliinua pazia, akamwona mama. Kisha akavua kofia.

"Mama, nyumba yako inanukia vizuri," alisema, akatoka taratibu.

Mama alitabasamu.

Sasa najua kwamba ilikuwa saratani, kwamba udi ulikuwa wa kufunika harufu ya kile kidonda, na kwamba askari yule aliisikia. Siku ile nilijua tu kwamba mgeni wetu amefika, nikanuna kwa sababu hakuna aliyempa chai.