Mashine Niliyoiweka Mkiani

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya Ikwiriri, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa mashine tatu za sataranji, mchezo ambao ninyi vijana mnauita chesi, zilizokuja na mzigo wa redio za mitumba.

"Binti, nitafutie iliyo kali. Jumamosi naipeleka Utete ikamtie adabu Bwana Afya."

Bwana Afya, ofisa wa afya wa kule, alikuwa hajafungwa na mtu, na mdomo anao.

"Ikishindwa, Fundi?"

"Ikishindwa, rudi kwenu Chumbi ukawinge ndege."

Nikanywea. Utoto wangu wote ulipita juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu katikati ya mpunga, nikipiga debe na kuwapigia ndege kelele mpaka koo linawasha. Niliikimbia kazi ile.

Kupambanisha mashine ni hivi: unaziweka mbili mezani, moja inawasha taa kuonyesha hatua yake, wewe unasogeza kete, kisha unambonyezea mwenzake hatua ile ile. Mchezo ukiisha zinabadilishana rangi, maana mwenye nyeupe ndiye anayeanza. Zote niliziweka ngazi ya nne, yaani kiwango cha ukali unachochagua mwanzoni. Ijumaa nikaandika kwa mbwembwe: ya kwanza nyeusi, ya pili ile ndogo, mkiani ya kahawia.

Jumamosi jioni Fundi Mkuu alirudi, akaibwaga nyeusi mezani. Ilikuwa imefungwa kwa hatua chache tu.

Nililia, sifichi. Halafu nikachukua saa. Ngazi ya nne ya nyeusi ilikuwa dakika tatu za kufikiri kwa kila hatua. Ya kahawia, sekunde tano tu. Kukawia kwa nyeusi nilikuwa nimekuona, ila nilidhani ndiyo busara yenyewe, kwa kuwa wazee wetu barazani hujibu vivyo hivyo, taratibu.

"Fundi, nimekosea. Kahawia nimeionea, sikuipa muda sawa na mwenzake."

Akanitazama. "Unakiri mwenyewe?"

"Nakiri."

"Basi ndege watangoja. Ipe dakika zake."

Nikaipa, ikaifunga nyeusi. Jumamosi iliyofuata nikaenda naye Utete na ya kahawia. Bwana Afya alijikuna kichwa, akavua kofia, akaivaa tena, mwisho akalaza mfalme wake, kukubali kushindwa. "Hii mmeiloga!" Fundi Mkuu alicheka njia nzima.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kibiti, nikawa fundi mkuu mimi. Kila mwanafunzi wangu nilimwanzisha kwa saa: muda sawa kwanza, sifa baadaye. Nilipostaafu wakanizawadia ile ya kahawia, nami nikarudi Chumbi kulima mpunga.

Sasa, asubuhi, mniangalie juu ya dungu, bibi mzima na debe langu na mashine yangu. Nacheza hatua yangu, naipa dakika zake tatu, na katika dakika hizo nawapigia ndege kelele. Inanifunga karibu kila siku, nami nafurahi. Ndege hawaambulii hata punje.