Ukungu wa Mayai ya Kambale

Miaka ya themanini nilifanya kazi katika kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, nje kidogo ya Kisumu. Nilikuwa na cheti kipya, na kiburi kinacholingana nacho. Asubuhi moja nikakuta mayai ya kambale yameota manyoya meupe kama pamba. Vifaranga vya mayai hayo alikuwa ameahidiwa mama mmoja mjane wa upande wa Muhoroni, aliyechimba bwawa kwa jembe lake mwenyewe na kuambiwa aje Jumamosi na ndoo.

Ukungu ule niliujua. Huanzia kwenye yai lililokufa, ukatambaa kwa nyuzi hadi kwenye yai zima. Ncha za nyuzi huvimba, zikapasuka na kumwaga vijimbegu vyenye mikia. Kijimbegu huogelea, kikichoka hujifunga ganda, kisha hutoka na umbo jingine, kikaogelea tena kutafuta yai. Kilipokuwa kimeshahama nyumba mara mbili, sisi tulikuwa bado tunatafuta karatasi ya kaboni ya kunakilia barua ya kuomba ruhusa.

Dawa ilikuwa kabatini, na aliyefungua kabati bila idhini ya Mkubwa, kibarua chake kiliota nyasi. Mkubwa alikaa Milimani, mtaa wa wakubwa mjini, na mwaka huo uzalendo ulikuwa umempanda kichwani: barua zote ziandikwe kwa Kiswahili. Nikaandika kwa ufasaha wangu wote: "Ukungu mzito umeingia majini. Tunaomba ruhusa ya kuchukua hatua." Tarishi akaondoka na baiskeli.

Jibu lilikuja kesho yake, na mihuri miwili: "Ukungu ni hali ya hewa. Subirini jua."

Tukasubiri. Jua likatoka, tena kali, na tangi lote likawa jeupe. Mimi na mlinzi tulicheka barua ile hadi machozi yakatutoka. Kisha nikaitia kwenye faili, nikaona nimetimiza wajibu.

Jumamosi mama akaja. Nikamsimulia kisa chote, nikitarajia acheke nami. Hakucheka. Aliinama, akachota mayai kidogo kiganjani, akayanusa.

"Sasa hata chumvi mlikosa?" akauliza. "Omena ikitaka kuharibika, si tunaweka tu chumvi?"

Chumvi ilikuwapo jikoni kwa mlinzi, pakiti nzima. Na chuoni nilifundishwa hivyo hivyo, kwamba chumvi huzuia ukungu wa mayai. Niliona haya hadi masikio yakawaka.

"Hatukuwa na ruhusa, Mama," nikamwambia.