Ordinateri ya Shangazi Salima

Siku ile naikumbuka bado, mjukuu wangu, na hasira yake haijanitoka. Nilikuwa kijana, nikijifunza kazi kwa shangazi yangu Salima, hapa hapa Rumonge, karibu na soko. Miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza. Shangazi alikuwa ameuza cherehani yake na vitambaa vyote, akanunua ordinateri, hiyo mnayoiita kompyuta, huko Bujumbura. Akaipakata kwenye basi mpaka hapa; hakukubali ipande juu pamoja na madumu. Akawa anawaandikia watu barua na maombi ya kazi.

Siku hiyo alikuwa anamwandikia Mama Furaha, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyetoka Uvira ng'ambo ya ziwa, barua ya kumwombea binti yake nafasi ya shule. Akaingia tajiri mmoja wa mawese. Hata salamu ya amahoro hakutoa. Akanitazama mimi, akamtazama shangazi.

"Mutoto mwanaume iko hapa, na wewe mwanamuke ndiye unakalia kiti? Inuka, yeye aniandikie!"

"Subiri, baba," shangazi akasema. "Namaliza ya huyu mama."

Yule bwana akainama, akang'oa waya ukutani. Kioo kikazimika, barua yote ikapotea. Mama Furaha akajishika kichwa.

Shangazi akasimama. "Hii mashini nimeileta mimi. Huyu mutoto nimemufundisha mimi. Barua yako itaandikwa na mwanamuke, ao haitaandikwa. Sasa toka!"

Akatoka, lakini akawakataza wenzake wasije kwetu. Masika nzima tulikaa na duka tupu. Waliotuokoa ni wanawake wa Uvira. Mama Furaha aliwaleta mmoja mmoja, na asiye na kitu alitupa ndagala. Kazi ikaanza kwenda tena. Binti yake naye, kwa barua iliyoandikwa upya, akapata shule.

Shangazi alipofariki, watoto wake walinipa mashine ile. Ndiyo hiyo sebuleni, kati ya redio zangu na simu za zamani, imegeuka rangi kama meno ya mvuta tumbaku.

Na juzi wewe, mbele ya wageni kutoka Bujumbura, unaigongagonga ukisema: "Ya babu hii. Babu ndiye alileta ordinateri ya kwanza Rumonge." Wageni wakanipigia makofi! Niliacha chai yangu nikatoka nje, maana ningekutukana mbele za watu. Tajiri wa mawese alishindwa kumwinua Salima kwenye kiti chake akiwa hai. Wewe umemwinua akiwa kaburini, tena unacheka!

Sasa nisikilize. Usinivishe sifa isiyo yangu. Ukikuta kitu nyumbani mwa watu, uliza nani alikihangaikia kabla hujakisemea. Kama hujui, sema hujui, hakuna aibu. Na aliyekihangaikia akiwa mwanamke, taja jina lake, kwa sauti. Leo hii utawapigia simu wale wageni uwaambie ukweli, nami nitakaa hapa nikisikia.

Nimekukasirikia kwa kuwa wewe ni damu yangu. Mungu akupe umri mrefu, abariki kazi ya mikono yako, na siku utakapokuwa hupo, akujalie watu watakaokutaja kwa haki.