Kikombe cha Mariamu

Siku hizi Hidaya wa Mnazi hanywi chai yake mpaka ayape mabeseni mgongo. Majirani wanadhani ni uzee unaanza kumchezea. Si uzee. Ni Mariamu, mdogo wake, ambaye tangu azikwe kule Mlalo hajamwacha apumue.

Mabeseni yenyewe yamepangwa nyuma ya nyumba, yamejaa maji ya kijani kibichi. Ni mwani, lakini si ule wa baharini. Huu ni mdogo hata macho hayauoni, chembe kwa chembe, na kazi yake ni kuongezeka tu katika jua kali la Mnazi. Hidaya huukoroga, huuchuja kwa kitambaa, huuanika, kisha huusaga. Watu wa semina walikuja na fulana zao wakamwambia unga huo unapandisha kinga na kupunguza sumu zinazochakaza mwili. Sawa, hawakusema uongo. Ila watu wa semina nao, bwana, husema nusu wakapanda gari wakaenda zao.

Mariamu aliugua viungo. Vidole vilivimba, uso ukatoka madoa, nguvu zikamwisha. Hospitali wakampa vidonge. Hidaya, ambaye Mungu hakumjalia mtoto wala ndugu mwingine, aliamua moyoni mwake kwamba kinga ya mdogo wake imeshuka, akawa anapanda milima kwenda Mlalo na unga wake. Aliukoroga mwenyewe kwenye uji, akamkabidhi, akasimama kumtazama. Mariamu alikunywa mpaka tone la mwisho, akapangusa midomo ya kijani kwa ncha ya khanga, akasema, "Ahsante, dada."

Hali ilipokuwa mbaya, daktari aliuliza mgonjwa anatumia nini kingine nyumbani. Hidaya, kwa fahari kabisa, akatoa kopo la unga. Daktari akaeleza kwamba kinga ya Mariamu haikushuka hata kidogo. Ilikuwa imepanda ikamgeukia mwenyewe, na vidonge vyote vile vilikuwa vya kuituliza. "Unga huu huenda umeichochea," alisema. "Huenda. Siwezi kukwambia ndiyo wala siyo." Mariamu alifariki wiki ile ile.

Hidaya hakumwambia mtu. Angemwambiaje Lulu, binti wa Mariamu, mtu pekee aliyebaki duniani wa kumwita mama mkubwa? Lakini kila akiinamia beseni aliiona midomo ile ya kijani ikimwambia ahsante. Ile "huenda" ya daktari ilimla kuliko ambavyo "ndiyo" ingemla.

Baada ya arobaini Lulu aliteremka Mnazi kumjulia hali. Asubuhi Hidaya alimkuta jikoni anakoroga unga kwenye kikombe. Alimrukia, akakipiga kikombe, uji ukamwagika mpaka mlangoni.

"Mama mkubwa! Kuna nini?"

Hapo Hidaya akaangua kilio. Akasema yote, kopo na daktari na ile huenda, kisha akangoja kuambiwa kwamba undugu umekwisha.

Lulu alikaa chini karibu naye. "Mama alijua," alisema taratibu. "Daktari alishamkataza vitu vya kuongeza kinga. Nikamwambia, mama, mkatalie basi mama mkubwa. Akasema, 'Dada katoka Mnazi na jua lote lile, nitamrudishiaje kikombe?'"

"Kwa hiyo akawa anakunywa tu?"

"Alikuwa anasubiri uage, halafu anaenda nyuma ya nyumba kujitapisha. Usilie, mama mkubwa. Unga wako haukuwa unakaa tumboni."

Hidaya alitaka kumshukuru Mungu. Kisha akakumbuka. Mwezi ule wa mwisho yeye hakuwa ameaga. Alihamia Mlalo kumuuguza, akamkorogea uji ule kila siku, akalala naye kitanda kimoja, na hata mgonjwa alipokwenda chooni, dada yake alimshika mkono na kumngojea mlangoni.