Niliyakataa Madigadi ya Debe

Ulikuwa ule mwaka tuliokula ugali wa unga wa njano. Wazee wenzangu watauelewa bila kutajiwa tarakimu. Mahindi yalikauka mabondeni, migomba ikabaki majani matupu, hata bada ya muhogo ikawa kitu cha kuomba kwa jirani. Ndipo lori likapanda mlima na magunia ya unga wa njano na madebe ya mafuta, tukapanga foleni mbele ya ofisi ya kijiji. Ugali ule ulinuka gunia. Tulikula.

Mimi ndiye niliyekosa. Nalisema mapema ili msipoteze muda kunitetea.

Jina langu silitaji. Ni bibi wa wajukuu, naishi huku huku milimani Lushoto. Kalamu niliishika kwenye kisomo cha watu wazima, tayari nina watoto wakubwa, kwa hiyo mkiona herufi zimeinama kama mtu anayepanda mlima na mzigo, nivumilieni.

Baba yangu alikuwa mtu wa Vuga, kule walikokaa watawala wetu wa zamani. Nyumbani tulilelewa hivi: njaa inafichwa kama uchi. Unaweza kushinda na maji ya moto tumboni, lakini mgeni akija sufuria liwe jikoni na kuni ziwake.

Basi mwone mtu wa namna hiyo yuko kwenye foleni ya unga wa msaada! Nilijifunika kanga mpaka puani. Jirani yangu Mama Zuhura, yule mwenye bustani za kabichi, alinitambua kwa miguu.

"Kha! Mtoto wa Vuga! Nawe umekuja na gunia lako?"

"Namchukulia mgonjwa," nikasema.

"Mgonjwa huyo si anaitwa tumbo?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Sikusahau pia.

Tangu siku ile nikayachukia yale madebe. Yalichorwa mikono miwili imeshikana, na maandishi ya kigeni yaliyozunguka. Kila nyumba iliyachukua ikachotea maji, ikahifadhia maharage. Langu nilimimina mafuta kwenye chungu, debe nikalitupa korongoni. Sikutaka ile mikono inipungie nyumbani kwangu.

Sasa niwaambie nilikuwa na nani. Mume wangu alishafariki. Binti zangu walikuwa wameolewa. Mwanangu wa kiume alikuwa kibarua shamba la mkonge huko bondeni, Magoma, akija mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa na mkewe, Foibe, na mtoto wao wa kike aliyelala kitandani kwangu tangu alipoachishwa ziwa. Hao wawili ndio walikuwa nyumba yangu. Usiku, mguu wa mtoto ukinigusa mbavuni, nilijua niko hai.

Foibe alikuwa mhudumu wa zahanati, kilima cha pili kutoka kwetu. Kazi yake kubwa ilikuwa kupokea watoto. Alikuwa na mikono, Mungu anisamehe, mikono ambayo mwanamke mwenye uchungu akiishika tu anaacha kupiga kelele. Kazini alikwenda na baiskeli aliyoachiwa na mumewe. Mwanamke na baiskeli, miaka ile, milimani kwetu! Watu walitoka milangoni kutazama.

Baiskeli yenyewe madigadi yake yalishaliwa na kutu yakaanguka. Mvua ikinyesha, na kwetu mvua haina adabu, gurudumu la nyuma lilimrushia tope kuanzia kiunoni mpaka kisogoni. Gauni jeupe la kazi, mstari mwekundu mgongoni. Watoto walimkimbilia nyuma wakiimba:

"Nesi ana mkia! Nesi ana mkia!"

Foibe alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka. Aliyeumia ni mimi. Niliona ule mkia umeniota mimi.

Madigadi hayakupatikana. Kwenye duka la ushirika ulikuta chumvi na viberiti, siku nyingine viberiti peke yake. Foibe akamtumia salamu baba yake, ambaye alikuwa fundi wa kukata mabati upande wa Mponde. Alikuwa akitengeneza koroboi na vikaango.

Baba yake akaja. Alitembea kutoka Mponde kwa miguu, koti refu limevimba kwapani. Akapiga hodi, akasimama uani kama inavyompasa mkwe, hakukaa mpaka nilipomtolea kigoda.

"Shikamoo baba," Foibe akapiga goti.

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea paa la gurudumu."

Akafungua koti. Madigadi mawili, ya mbele na ya nyuma, mapana, marefu, yamekunjwa vizuri mno. Nyuma ameyatundikia ulimi wa mpira wa tairi kuukuu, ushuke karibu na ardhi uzuie tope. Akayajaribisha kwenye baiskeli palepale, kisha akapitisha kiganja chote kati ya bati na tairi.

"Unaona, mkwe? Kiganja kinapita. Udongo wetu huu unanata kama ugali mbichi. Ukikuta pembamba unajipanga mpaka unajaa. Hapa unapata njia, unaanguka wenyewe."

Mimi sikuona kiganja. Niliona juu ya digadi la nyuma, mahali ambapo kila mtu barabarani angepaona, ile mikono miwili imeshikana. Ameyakata kutoka kwenye madebe ya mafuta!

"Yageuze," nikasema. "Michoro iende ndani."

"Nikigeuza, mkunjo utakuja nje, mkwe. Utamchania gauni, au utamchana mguu."

"Basi pakeni lami."

"Lami iko wapi mwaka huu?"

Nyuma ya ua nikasikia mtu anakohoa. Mama Zuhura, na kikapu chake cha majani ya sungura. Anasikiliza. Moto ukanipanda kichwani, nikasimama mlangoni nimeshika miimo yote miwili, nikamwambia baba wa mkwe wangu, mzee aliyetembea toka alfajiri na hajapewa hata maji:

"Debe la njaa halipiti mlango huu."

Jamani! Ukweni! Kwetu zawadi ya mkwe, hata ikiwa mbaya, unaipokea kwa mikono miwili, ukitaka ukaililie ndani. Mimi nilimrudishia mtu jasho lake mbele ya bintiye.

Hakugomba. Akayafungua, akayarudisha chini ya koti, akafunga vifungo vyote. "Hongea, mkwe," akasema, kwa Kishambaa, yaani asante. Asante ya nini? Foibe alimsindikiza mpaka njia panda. Aliporudi alichukua jembe akaenda shambani.

Mimi nikachukua iliki yangu yote niliyoikausha, nikashuka sokoni Lushoto. Kuna mchuuzi mmoja alikuwa na vitu chini ya meza. Akanifunulia gazeti: madigadi ya dukani, membamba, yanang'aa kama kioo. Nikajiona uso.

"Lakini mama," akasema, "haya ni ya mjini. Barabara yenu ni ya lami?"

"Wewe unauza au unahubiri?"

Akauza. Nilipanda mlima ule kama msichana.

Yalipofungwa, Foibe alichuchumaa akaingiza kidole kati ya madigadi na tairi. Hakikuingia. Akajaribu kidole kidogo.

"Mama, yamebana. Kidole hakipiti."

"Kidole kinatafuta nini huko? Wewe panda."

"Siku za kiangazi sawa. Masika, mama, udongo utashika."

"Hutaki kung'aa? Au umezoea mkia?"

Akainuka, akafuta vidole. Yeye ndiye aliyekuwa akiipanda baiskeli. Mimi sijawahi kupanda baiskeli maishani mwangu! Lakini mchaguzi nilikuwa mimi.

Wiki za kwanza zilikuwa kavu. Jumapili nilimwomba aipeleke kanisani, aiegemeze pale ambapo watu wanatokea. Nilisimama karibu yake nikisalimia kila mtu. Mama Zuhura mwenyewe, ambaye kanisani hana shughuli, alipita njia akasema, "Hiyo ni baiskeli au harusi?" Nilishiba kwa neno hilo kuliko ugali.

Kisha masika yakafungua.

Asubuhi ile Foibe alinywa uji, akambusu mtoto, akatoka. Ukungu ulikuwa chini. Walionisimulia ni wachuma chai waliokuwa wakisubiri mvua ipungue. Walimwona akisimama kila mara kung'oa udongo kwa kijiti. Anang'oa, anapanda, unajaa tena. Pale barabara inapoinama kwenda mtoni, gurudumu la mbele likagoma ghafla, kama mtu ameshika tairi. Baiskeli ikasimama. Foibe hakusimama. Akaruka mbele, akaangukia mawe kwa mkono wa kulia.

Walimleta kwenye machela ya fito. Mama Zuhura ndiye aliyekuja mbio mbele yao, miguu peku, analia hata kabla hajafika kwangu.

Sasa nifikie kosa lenyewe. Hilo la debe wengi wanalijua. Hili sijamwambia mtu.

Nilitoka uani. Nikaona watu, nikaona machela, nikaona nyuma yao mtu amebeba baiskeli begani. Na mimi, kabla ya kumwuliza Foibe lolote, nikasema:

"Madigadi yamepinda?"

Alinisikia. Macho yake yalikuwa wazi.

Hospitali walifanya walichoweza. Kiwiko kilikuwa kimesagika. Mkono ulipona umekunjika, vidole viwili havisikii. Zahanati walimpa kazi ya kufagia. Mwanamke mmoja mwenye uchungu aliushika mkono ule akautazama, akauachia. Foibe alinisimulia hilo akiosha vyombo kwa mkono mmoja, bila kunitazama. Nikamwambia sufuria bado lina masizi.

Baba yake akaja. Koti lile lile. Hakutaja madigadi, hakutaja debe. Alimbeba mjukuu wangu mabegani, Foibe akabeba kitenge alichofungia nguo, wakaondoka. Mtoto aligeuka akanipungia, akidhani ni matembezi.

Mwanangu alikuja mwisho wa mwezi, akakuta nyumba kimya.

"Mama, yale madigadi ya baba yake Foibe yako wapi?"

"Nilimrudishia."

Alisimama pale pale mlangoni. Nilimpakulia, hakuingia. Akaenda Mponde akakaa huko. Mwanamume wa kwetu kuhamia ukweni! Watu walisema wakachoka. Mimi nilisikia kama unavyosikia mvua ukiwa ndani.

Sikulia. Mpaka leo sijalia. Nikitafuta pale penye uchungu nakuta pako kama mguu ulioukalia muda mrefu. Upo, ni wako, ukiuchoma hausikii. Yale madigadi ya kung'aa yapo chini ya kitanda changu. Hata kutu hayajashika!

Wewe unayemnunulia mtu madigadi ya msimu wa mvua, sikia. Anayepanda ndiye achague. Pitisha kiganja, kisipopita, rudisha, hata yang'ae kama jua. Tazama yashuke chini, yawe na ulimi wa mpira. Ya kutazamwa na jirani hayazuii tope. Na mzee akikuletea kitu alichokikata kwa mikono yake, kipokee, uone aibu baadaye ukiwa peke yako. Aibu haiui. Nimeishi nayo, najua.

Niliwahi kwenda Mponde kuomba radhi. Ulikuwa mwaka mahindi meupe yaliporudi. Nilisaga unga wa kwanza, mweupe kama pamba, nikasema huu haugusi mtu kabla ya mjukuu wangu. Kikapu changu kilikuwa kimeoza. Mama Zuhura akaniazima chombo, nikajaza, nikajitwika, nikatembea toka alfajiri. Njaa ilishapita. Chombo kilikuwa chombo tu, sikukitazama hata mara moja.

Foibe alikuwa mlangoni kwa baba yake. Ndani nilisikia sauti ya mtoto anahesabu, imekuwa kubwa.

"Shikamoo mama," akasema. Adabu yake ile ile.

"Marahaba mwanangu. Nimewaletea unga. Mweupe."

Hakunitazama usoni. Alitazama juu ya kichwa changu, kwenye lile debe la Mama Zuhura, pale ilipochorwa mikono miwili imeshikana. Akatazama muda mrefu. Kisha akashika mwimo wa mlango kwa mkono mzima, na mwimo wa pili akauegemezea kiwiko kilichokunjika, akasema taratibu, bila hasira:

"Debe la njaa halipiti mlango huu."