Bridget, Miaka Kumi

Mzee Beartla Conneely alijua ametimiza miaka sabini. Tatizo ni kwamba serikali ilitaka kuambiwa hivyo na mtu mwingine. Bila malipo ya uzee, yanayoanza mtu akifikisha sabini, kilichomngoja ni nyumba ya mafukara kule Clifden, kwa sababu mgongo ulishagoma kulima viazi, na mwenye shamba alishapata mpangaji mwingine. Kitabu cha ubatizo cha parokia kilikuwa kimeoza kwa unyevu. Ikabaki sensa ya mwaka 1851, miaka sitini nyuma. Mimi ndiye mwalimu wa shule ya hapa, basi nikamwandikia barua ya kwenda Dublin, kunakotunzwa madaftari ya sensa.

Majibu yalifika baada ya wiki sita, kwa mwandiko mzuri sana. Kaya ya Festus Conneely, mkulima. Mke, Honor. Binti, Una, miaka kumi na mitatu. Binti, Bridget, miaka kumi. Watoto wa kiume, hakuna.

Tukampelekea karatasi dada yake, Una, anayekaa kwa mwanawe ng'ambo ya ziwa. Nilipoisoma alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Bridget ni wewe, mjinga wewe."

Akatueleza jambo ambalo huku kila mtu analijua, isipokuwa Dublin. Wale wa kilimani, viumbe wasioonekana wanaoishi chini ya vilima, huiba watoto wa kiume tu, ndiyo maana mvulana huvishwa sketi mpaka afikishe miaka kumi na miwili. Honor alishazika wavulana wawili miaka ya njaa. Askari wa sensa alipobisha hodi na daftari lake, akiuliza majina kwa sauti, mama hakuthubutu kumtaja wa tatu. Angejuaje nani mwingine anasikiliza?

"Mama alikuokoa," Una akasema.

"Sasa nani alimwambia aniokoe kwa maandishi?"

Ofisa wa malipo, mtu mpole, alitusikiliza mpaka mwisho. Una akaapa mbele yake. Ofisa akasema kiapo cha dada si kumbukumbu. Anayetambulika ni Bridget. Umri ametimiza, na akija mwenyewe atalipwa.

"Ndiye mimi hapa, bwana mkubwa," Beartla akasema, akavua kofia.

Ofisa aliyatazama masharubu yake.

"Niwie radhi, mzee."

Nilikata rufaa mara mbili. Mara ya pili wakauliza Bridget alifariki lini.

Mwezi wa Novemba nikamsindikiza Clifden, kwenye nyumba ya mafukara. Karani wa mlangoni hakudai karatasi yoyote. Alimtupia jicho mara moja, akachovya kalamu, akaandika: mwanamume, sabini na zaidi.