Mbwa Aliyepatiwa Baba

Ukutani mwa darasa letu, karibu na picha ya Kaisari wa Wajerumani, imetundikwa karatasi kubwa ya picha za mbwa. Kaisari ni mmoja, mbwa ni kumi na wawili. Nimewatazama miaka mitatu sasa, na Kaisari anisamehe, mbwa nawajua zaidi.

Wote ni jamii moja, mbwa wembamba wanaowinda kwa macho. Mbwa wengine huburuta pua chini kama mtu aliyepoteza sindano. Hawa huinua kichwa, wakaona, wakatoka. Yuko wa Warusi, manyoya marefu meupe kama mzee aliyetoka kitandani sasa hivi. Yuko wa Waingereza, mgongo umepinda utadhani ana tumbo la kuendesha. Yuko wa Waajemi, wa Wahangari, na wa Waairishi aliye mkubwa kama ndama. Tena yuko saluki wa Waarabu. Habari zake nilikwenda kumwuliza Mwarabu wa duka la nguo, mtu ambaye mbwa akipita mbali tu hukunja kanzu mpaka magotini.

"Saluki?" akasema, na uso ukamlainika. "Saluki si mbwa, kijana. Saluki ni saluki. Kwa babu yangu alikuwa akilala ndani."

Nilicheka mpaka akanifukuza dukani.

Mbwa wa kwetu hayumo katika karatasi ile. Siku moja niliuliza kwa nini, na mwalimu wetu Mdachi akajibu kwamba wale ni mbwa wenye damu na vyeti, wetu ni mbwa wa majalalani. Darasa zima likacheka, nami nikacheka, maana mchekeshaji wa darasa ni mimi na haifai kuachwa nyuma. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwalimu mwenyewe ana mmoja wa hao, dume la kijivu la Kiingereza, lililokuja kwa meli na kisha kwa gari la moshi hadi hapa Morogoro. Ukifika mwezi wa sita huvalishwa koti. Nasema kweli, koti lenye vifungo, huku sisi tukipigishwa kwata uwanjani asubuhi na mapema, meno yakigongana.

Sasa mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa mlimani juu ya mji. Ana jike lake la kuwindia, jekundu, mkia umejikunja, shingoni kengele ya mti. Mwaka juzi aliteremka na mzigo wa ndizi, akalifunga jike nyuma ya soko. Dume la mwalimu likatoroka nyumbani likiwa limevaa koti, likarudi jioni halina koti. Zaidi ya hapo sisemi, mimi ni mtoto wa shule.

Jike likazaa watoto watatu, na mjomba, ambaye ana ugonjwa wa uungwana, akashuka mlima kwenda kumpa mwalimu habari.

"Bwana, dume lako limepata watoto."

Mwalimu akawa mwekundu kuliko lile jike. "Dume langu lina babu kumi na wanne katika karatasi! Halina watoto milimani. Wazamisheni mtoni."

Hatukuwazamisha. Wawili walikufa wenyewe kwa kuhara, mmoja akaishi, na mjomba akanipa mimi. "Mlee," alisema. "Huyu ni wa ukoo wetu." Nikamlea kwa ugali wangu mwenyewe. Wenzangu wa mjini, watoto wa Kiislamu, walinikimbia kwa mbio za mchezo: "Usituguse! Kaoge mara saba!" Nami niliwakimbiza makusudi. Yule mbwa akakua miguu tu. Kifua kikashuka, kiuno kikabana kama cha nyigu, na mkia wa mama yake ukabaki umejikunja palepale. Alikuwa akisimama juu ya jiwe, anatazama bonde, mara haonekani tena. Kuwinda kwa macho hakufundishwa na mtu.

Windo lake la kwanza lilikuwa paa, kwenye majani mafupi chini ya mlima. Mjomba akakata paja moja, akalifunga kwa jani la mgomba, akanipa.

"Mpelekee mwalimu wako."

"Mjomba! Si ndiye aliyesema wazamishwe?"

"Ndiye. Kwetu mtoto ni wa mama, lakini baba ana heshima yake. Mtoto akiua mara ya kwanza, upande wa baba hupelekewa paja. Baba mbaya ni baba vilevile."

"Baba mwenyewe anavaa koti la vifungo."

"Peleka, mpwa wangu, kabla sijakukata wewe paja."

Nikapeleka. Nikasema ni windo la kwanza la mbwa wetu, mjomba amelituma; mwalimu akalipokea, hakuuliza kwa nini. Akala. Ningejua, paja lile ningelitupa mtoni nikasema limechukuliwa na mamba.

Baada ya mwezi mmoja hivi, tukiwa kwenye kwata, sungura akakatiza uwanja. Dume la kijivu likamwona, likatoka vizuri sana, nakiri, kama mshale. Lakini uwanja wetu ukifika mwisho unaanza mlima, na dume lile mlima halijui. Liliteleza kwenye mawe likaanguka na heshima yake yote. Mbwa wangu alikuwa amelala kivulini akinisubiri. Akapita juu ya dume lile, yaani juu ya baba yake, akapanda mawe kama mbuzi, akarudi na sungura mdomoni, akamweka miguuni pangu. Shule nzima ikapiga kelele. Mwalimu hakupiga kelele. Alimtazama mbwa wangu kwa uso uliolainika kama wa Mwarabu yule alipotajiwa saluki.

Kesho yake askari akaja kutuita bomani, mimi na mjomba.

Bwana Shauri, Mdachi wa serikali anayeamua kesi, alikaa mezani, karani pembeni. Mwalimu akatoa cheti cha dume lake, akasoma mababu wote kumi na wanne, mmoja mmoja, kana kwamba wako nje wanangoja kuingia kutoa ushahidi. Akamaliza: "Damu ni ya baba. Mbwa ni wangu."

Mjomba akasimama. "Bwana mkubwa, mwaka jana ulituita wazee, karani akaandika desturi zetu katika kitabu. Tukakwambia mtoto ni wa ukoo wa mama, ukaandika. Kitabu si kile pale?"

Kitabu kilikuwa pale pale juu ya meza. Bwana Shauri hakukifungua.

"Desturi ile ni ya watu," alisema. "Si ya mbwa."

Mwalimu akainua kidole. "Tena mzee huyu alinitumia paja la windo la mbwa huyu. Kama mbwa si wangu, nyama alinitumia ya nini?"

Mjomba akaeleza heshima ya baba, polepole, kwa utaratibu, mtu mzima akimweleza mtu mzima. Kadiri alivyoeleza ndivyo Bwana Shauri alivyotikisa kichwa. "Umempa paja kwa kuwa ni baba. Basi umekiri."

Hapo mimi nikashindwa kufunga mdomo. "Akiwa kijibwa hana baba! Akikamata sungura, baba anapatikana!"

Karani alicheka. Mimi nikapigwa viboko vitano, na mbwa akafungwa kamba, akapewa mwalimu. Alinitazama njia nzima mpaka kona ya boma, kwa macho yale yale yanayoona mbali. Viboko nimevisahau.

Nilidhani mjomba amekubali, kwa sababu alirudi kwenye ndizi zake. Wiki tatu baadaye mwalimu alirudi kutoka uwanda wa Mkata na wageni wake wawili na swala watatu, wote wameuawa na mbwa wangu. Wamekaa barazani wanakunywa, wamefurahi. Mjomba akatokea, kanzu safi, akasalimu, akasema amekuja kuomba paja la swala.

Mwalimu akacheka. "Mpeni mzee paja!" Wageni nao wakacheka. Mjomba akapokea kwa mikono miwili.

"Mmeona, mabwana?" akawauliza wageni. "Amenipa mwenyewe?"

"Tumeona, tumeona," wakasema.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bomani, mimi nyuma yake nikikimbia, paja likimdondoshea damu kwenye kanzu. Akaliweka mbele ya Bwana Shauri, karibu na kitabu cha desturi.

"Bwana mkubwa, ulihukumu kwamba anayepelekewa paja ndiye mwenye mbwa. Leo mwalimu amenipa mimi paja la windo la mbwa huyo huyo, mbele ya mashahidi Wazungu. Naomba mbwa wetu."

Bwana Shauri aliangalia paja, akamwangalia mjomba, kisha akacheka. Alicheka hasa, miwani ikamtoka. Nami kwa muda mfupi, mpumbavu mimi, nikafikiri aliyechekeshwa hivi lazima atatoa haki. Mchekeshaji yeyote hufikiri hivyo.

"Ile ilikuwa kukiri," alisema akifuta miwani. "Hii ni zawadi. Nenda nyumbani, mzee, ukale nyama yako."

Basi ndivyo. Paja letu ni ushahidi, paja lao ni sadaka. Nimeligeuza neno hili kila upande na sijapata upande wa kuchekea, na mimi hupata upande wa kuchekea hata matangani.

Tukapanda mlima. Nilikuwa na njaa, na nilishaanza kuwaza moto na chumvi. Mjomba alipofika uwanjani kwake hakuita mke wala hakutafuta kisu. Akalifungua lile jike jekundu, akalilaza paja zima mbele yake, akachuchumaa.

"Kula," akamwambia. "Mwanao ameleta."